Grasiana Alisoma Sawasawa, Karatasi Yangu Ndiyo Iliyokosea

Mama Dorkasi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi huku Handeni, gazeti linatufikia Mkata kwa basi likiwa limechelewa siku tatu nne lakini ukurasa wako ndio ninaouanza, na leo nimeshika kalamu mwenyewe kwa sababu nina neno limenikaa kifuani, mume wangu amelisikia mpaka amechoka, na mkubwa wangu wa kazi sijamwambia hata nusu yake.

Naitwa Mwanaidi, nina miaka thelathini na mitatu, na mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa karibu na Mkata. Usidhani nakuletea ugomvi wa nyumbani. Mume wangu Mdoe ni mtu wa utani na kazi, watoto watatu wana afya, mahindi ya mwaka huu yamekubali, na darasani nina kina mama ishirini na sita ambao mwaka juzi walikuwa wakitia dole gumba na leo wanaandika majina yao mpaka kwenye vibuyu. Kwa hiyo mimi ni mtu mwenye furaha, Mama, na labda furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kijiji chetu kina mashine ya kusaga, na aliyejua kuiwasha alikuwa mmoja tu, Mzee Athuman, na Mzee Athuman ana mgongo, ukimshika analala siku tano, na siku hizo tano kijiji kizima kinarudi kwenye kinu na mchi. Nikaona hili si jambo. Nikaenda kukaa naye wiki nzima pale kwenye banda la mashine, kila anachogusa nauliza, kila anachojibu naandika, mpaka akaniambia, “Mwalimu, wewe unataka kunifukuzisha kazi?” Nikamjibu, “Nataka uugue kwa raha, mzee.” Akacheka, akaendelea kunionyesha. Nikaandika karatasi moja, herufi kubwa, hatua tisa, maneno yale yale tuliyokwisha kuyasoma darasani. Hatua ya tatu iliandikwa hivi: “Fungua kifuniko chekundu. Mimina dizeli mpaka ijae.” Na chini kabisa, kwa kuwa najua watu wetu wanavyopenda kuongeza yao, nikaandika: “Fuata kama ilivyoandikwa. Usiongeze, usipunguze.”

Mgongo ulipomshika tena Mzee Athuman, wanafunzi wangu wawili waliingia bandani, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akifanya, na mashine ikawaka. Vigelegele vya siku ile vilimtoa mzee kitandani, akaja ameshika kiuno kutazama nani ameiwasha.

Habari zikamfikia Ndugu Hiza, ambaye ndiye msimamizi wetu wa kisomo. Akaja, akaisoma karatasi mara mbili, akaiomba, na baada ya wiki chache ilikuwa imepigwa nakala kwa stenseli na kupelekwa kila kijiji chenye mashine, kwetu Handeni na upande wa Korogwe pia, na jina langu limeandikwa chini. Mama, nilitembea mwezi mzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Sasa kosa langu ni hili. Katika maisha yangu nilikuwa nimeona mashine moja tu ya kusaga. Haikunijia hata siku moja kwamba mashine ya kijiji kingine inaweza kuwa nyingine kabisa, maana kazi yake ni ile ile, mahindi yanaingia juu, unga unatoka chini, mimi nikajua zote ni moja.

Kuna kijiji upande wa Korogwe, jina lake nalihifadhi, mwendeshaji wao anaitwa Simeo. Simeo alipata msiba kwao milimani akaondoka, akaacha karatasi yangu imebandikwa ukutani. Kina mama wakaja na ndoo zao, na miongoni mwao alikuwapo Grasiana, mama wa watoto wanne, ndiye msomaji mzuri kuliko wote katika darasa la kijiji kile. Akasoma. Alipofika hatua ya tatu akasita, kwa sababu aliwahi kumwona Simeo akimimina dizeli kwenye kifuniko kingine, cheusi, kule juu. Akawaambia wenzake. Lakini karatasi inasema chekundu, na chini inasema usiongeze, usipunguze. Akafungua chekundu. Kwenye mashine yao, Mama, chekundu ni cha oili. Akamimina dizeli mpaka ikajaa, kama nilivyomwagiza, wakazungusha hendeli, injini ikawaka kwa dizeli ya Simeo iliyobaki tangini, ikasaga ndoo tatu, ikaanza kupiga kelele za ajabu, halafu ikakwama. Hendeli haikuzunguka tena.

Ndugu Hiza alinichukua twende pamoja kuona kumetokea nini. Tulimkuta fundi Kasmiri kutoka Manundu ameshaifumua ile injini, ananusa oili kidoleni na kutikisa kichwa. Mimi nilisimama mbele ya ile mashine, nikaona kifuniko chekundu kilivyo chini, mahali ambapo kwetu hakuna kifuniko kabisa, na nikaelewa yote pale pale. Niliondoka bandani nimeelewa, Mama, sitaki kukudanganya.

Mkutano ukaitwa. Mwenyekiti wao, Mzee Isihaka, alisimama akasema, “Huyu mama amepewa karatasi mkononi, akafanya lake.”

Grasiana akasema, “Ndugu Mwenyekiti, nimesoma chekundu, nikafungua chekundu.”

“Hebu isome hapa tusikie.”

Akaisoma yote, hatua tisa, hakubabaika hata mara moja. Mzee Isihaka akasema, “Leo umesoma. Siku ile ulibabaika.” Watu wakacheka. Hapo Ndugu Hiza akanigeukia akaniambia, “Mwalimu, una la kusema?”

Heri ningenyamaza. Nilisimama, nikasema, “Tuongeze bidii katika mazoezi ya kusoma,” nikakaa.

Grasiana alinitazama, akaikunja ile karatasi mara nne, akaenda kuiweka mezani mbele ya Mwenyekiti. Tangu siku hiyo hakanyagi darasani. Mtihani wa kisomo ni mwezi wa nane, na mwalimu wake ananiambia alikuwa afaulu hatua ya juu kabisa.

Mashine yao imekwisha kutengenezwa, inasaga. Ndugu Hiza hajui kitu, na sasa ananitaka niandike kijitabu kizima cha kutumika kwenye mashine zote za wilaya mbili, na nimeulizia nikaambiwa ziko za aina nne, nyingine inawashwa kwa kamba, nyingine haina maji kabisa, inapozwa na upepo. Mdoe anasema, “Nyamaza, mke wangu, mashine imepona, andika kijitabu kizuri, hiyo ndiyo toba yako.” Na mimi mwenyewe naogopa jambo jingine, kwamba nikisema karatasi ilikosea, watu watasema mnaona, maandishi si ya kuaminika, na kazi yote ya kisomo itapata doa kwa ajili yangu. Nisaidie, Mama. Niseme au nifanye kazi kimya kimya? Na karatasi moja inayofaa mashine nne inaandikwaje?

Mwanaidi, Mkata

MAMA DORKASI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako sikuiacha ingoje zamu gazetini. Jibu hili nilikupelekea kwa posta siku niliyoisoma, na sasa nalichapa ili na wengine wasome.

Nianze na lililo zuri. Ulifanya kazi njema. Kukaa wiki nzima na Mzee Athuman ukiuliza kila anachogusa, ni wangapi wangefanya hivyo? Na kukosea kwa kutojua si dhambi. Mimi nilikuwa mkunga kwa miaka kumi na tisa kabla ya kazi hii, na mwaka wangu wa kwanza niliwaambia kina mama wawape watoto dawa “kijiko kimoja.” Kijiko kwangu kilikuwa kile cha pale zahanati. Mama mmoja akampimia mtoto kwa kijiko cha kupakulia mchuzi. Mtoto alitapika siku mbili, akapona, Mungu asifiwe, na mimi nilimwendea yule mama nyumbani kwake nikamwambia kosa ni langu, kwa sababu ndani ya nyumba yake kijiko ni kile, hana kingine. Baada ya hapo nikawa naitoa dawa pamoja na kizibo cha kupimia.

Kwa hiyo karatasi yako nakusamehe. Maneno yako ya mkutanoni, hapana. Uliulizwa mbele ya watu, ukiwa unajua, na ukatoa sentensi iliyomzamisha mwanamke aliyekuwa anasema kweli. Tena mwanamke aliyekutii wewe kuliko macho yake mwenyewe. Alikuwa ameona kifuniko cheusi! Alijua! Wewe ndiye uliyemwandikia asiongeze wala asipunguze. Unaogopa maandishi yatapata doa? Doa lipo tayari. Kijiji kile kimejifunza kwamba mtu akisoma vizuri, akafuata alichosoma, anachekwa. Nani atataka kusoma tena?

Mume wako ana moyo mzuri lakini katika hili usimsikilize. Kijitabu ni kazi yako, utakiandika hata usingemkosea mtu. Grasiana anakudai jambo jingine, na jambo hilo ni la mdomoni.

Mwambie kwanza Ndugu Hiza, asije akashtukia mbele ya watu. Kisha panda basi uende nyumbani kwa Grasiana, peke yako, usiende na zawadi. Mweleze. Usilie, maana ukilia atalazimika kukubembeleza, na haijaja zamu yako ya kubembelezwa. Halafu omba mkutano pale pale, kwa watu wale wale, useme “nilikosea mimi.” Usiseme karatasi ilikuwa na kasoro ndogo. Karatasi haikujiandika.

Sasa karatasi zenyewe. Kaziandike ukiwa umesimama mbele ya kila mashine, zote nne, na fundi awe karibu. Utaona yapo mambo ambayo hayabadiliki popote: tazama oili kabla ya kuwasha, funga ncha za khanga mbali na mkanda, ukiona moshi mweusi au ukisikia kelele ngeni, zima. Hayo yaandike mara moja, kwa wote. Yanayotofautiana usiyachanganye humo kwa kusema kama ni hivi fanya vile na kama ni vile fanya hivi, mtu mwenye ndoo kichwani hana nafasi ya kuchambua. Kila aina ya mashine ipate karatasi yake, na juu kabisa, kabla ya hatua ya kwanza, useme ni ya mashine gani na mtu ataitambuaje.

Rangi usiitaje tena. Rangi inabanduka, na fundi akikosa kifuniko chekundu atafunga cha bluu. Itaje kazi ya kitu. Na kwa nini mtu abahatishe ni kifuniko kipi? Chukueni rangi nyeupe na brashi, muandike kwenye mashine yenyewe, DIZELI, OILI, MAJI. Wamefundishwa kusoma, wasomee hapo.

Yale maneno ya chini, usiongeze usipunguze, yafute. Weka haya: “Ukiona kitu hakifanani na karatasi hii, acha, muulize fundi.” Mpe msomaji ruhusa ya kuyaamini macho yake.

Na kabla ya stenseli, mtafute mtu ambaye hajapata kuigusa mashine hiyo, mpe karatasi, umwache afanye, mwenye mashine akiwa karibu ili pasiharibike kitu. Wewe simama kando na ufunge mdomo. Umeufunga mahali ulipotakiwa kuufungua, sasa ufunge panapofaa. Kila anaposita, kosa ni la karatasi. Rekebisha, mrudishe tena.

Anza na Ndugu Hiza. Kesho, si wiki ijayo.

MWANAIDI ALITUANDIKIA TENA

Mama Dorkasi, shikamoo. Barua yako niliisomea njiani nikitoka posta, nikasimama mara tatu kwa aibu, halafu nikamsomea Mdoe pale ulipomtaja na yeye akasema, “Huyu mama ananijua wapi?”

Ndugu Hiza alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniita akasema, “Mimi pia niliigawa bila kuuliza kama mashine zinafanana,” na tukaendelea na kazi.

Kwa Grasiana nilikwenda peke yangu kama ulivyoniagiza. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikakaa kwenye kigogo, nikamweleza yote, na sikulia, ingawa nilikaribia. Hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza akasema, “Nilijua.”

Nikamuuliza, “Ulijua nini?”

“Fundi Kasmiri alinionyesha, kabla ya ule mkutano. Alisema karatasi hii si ya mashine hii. Siku ile nilikuwa nakungoja wewe, mwalimu. Nilijua mwenye karatasi amekuja, atasema.”

Mama, hakuna fimbo iliyopata kuniuma namna ile. Nikachukua mahindi nami nikapukuchua, tukamaliza gunia pale bila maneno mengi, na nilipoaga akaniuliza kama hizo karatasi mpya nimeshazianza.

Basi sasa ndiye anayenijaribia karatasi. Kwa karatasi ya mashine yao wenyewe nilimpata mama mwingine, lakini mashine nyingine tatu zote ni ngeni kwake, tunazifuata vijijini kwa basi, mimi na yeye, na chakula chetu kwenye kikapu. Ni mkali, Mama. Kwenye karatasi ya kwanza niliandika “ongeza maji kidogo,” akasimama na kopo mkononi, akaniuliza, “Kidogo cha nani?” Nikafuta. Tumeandika “mpaka uyaone maji kwenye shingo ya tangi.” Mashine ya kamba ilitutesa, tumeiandika mara saba na bado hajaridhika na hatua ya tano, na sijui kama tutaimaliza kabla ya mvua. Herufi nyeupe kwenye mashine zote amezichora yeye, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Darasani amerudi. Mtihani ameufanya, majibu hayajatoka.

Lakini najua unataka kusikia mkutano ulikwendaje. Walikuja watu wengi kuliko mara ya kwanza, maana habari zilikwisha kutangulia. Nilisimama nikasema, “Ndugu zangu, karatasi ile niliiandika mimi kwa mashine ya kwetu, na kwa mashine yenu ilikuwa na kosa. Grasiana aliisoma sawasawa. Nililijua hilo siku ile niliposimama hapa, na sikusema. Nilikosea mimi.” Mzee Isihaka akakohoa, akavuta daftari lake, akasema, “Haya, tumemsikia mwalimu, yamekwisha, tuendelee na ajenda ya shamba.”

Grasiana akasimama katikati ya kina mama, mtoto mgongoni.

“Bado, Ndugu Mwenyekiti,” alisema. “Mwalimu, rudia. Waliokaa nyuma hawakusikia.”

Nikarudia, kwa sauti, tangu mwanzo mpaka mwisho.